Daraja la Kubeba Mabegani

Daraja la Bailey halihitaji kreni. Paneli moja ya chuma ina urefu wa futi 10 na kimo cha futi 5, uzito wake unakaribia kilo 260, na watu sita huibeba kwa miti mitatu inayopitishwa katikati ya vyuma, mmoja huku na mmoja kule. Mnaishusha mbele ya mwenzake, mnalenganisha matundu, mnagonga pini kwa nyundo mpaka izame, mnarudi kuchukua nyingine. Daraja zima huungwa ukingoni, juu ya rola, kisha husukumwa kwa nguvu za watu mpaka pua yake iguse ng'ambo. Mwingereza Donald Bailey alilibuni mwanzoni mwa Vita vya Pili vya Dunia kwa masharti magumu: kila kipande kiingie ndani ya lori la kawaida la jeshi, na kisiwashinde watu sita kukibeba.

Nilijifunza kulijenga Thika, katika batalioni ya wahandisi wa Jeshi la Kenya, miaka ya tisini ikianza. Kati ya yote niliyofanya nikiwa na gwanda, hiyo ndiyo kazi ninayoikumbuka kwa furaha isiyochanganyika na kitu kingine. Nyundo ikigonga pini iliyokaa sawa hutoa mlio wa juu, safi. Pini iliyopinda hata kidogo hutoa mlio wa kufa, na sajini wetu, aliyekuwa amesimama mbali akiwa ametupa mgongo, alikuwa akipaza sauti bila kugeuka: "Ng'oa! Rudia!" Alisikia kwa sikio kosa ambalo sisi hatukuliona kwa macho.

Nilitoka Konoin, wakati ule kabla Bomet haijawa wilaya, tukiwa bado tunahesabiwa Kericho. Mama alikuwa na shamba dogo la chai, na mimi kama mtoto yeyote wa kule nilijua kuchuma kabla sijajua kuandika vizuri: majani mawili na kichipukizi, kikapu mgongoni, umande ukikulowesha mpaka kifuani. Baba alikuwa kibarua katika shamba kubwa la kampuni, genge la barabara. Kazi yake ilikuwa jembe, sururu na toroli. Mvua za Machi zikikaribia, genge lao lilipita kila mtaro wa shamba, likatoa matope na majani yaliyooza, likafukua midomo ya makalvati. Niliona kazi hiyo kuwa ndogo. Nilitaka bunduki. Siku ya kuandikisha makuruta, kwenye uwanja wa michezo wa Kericho, tulikimbia, tukakaguliwa meno na nyayo, na tuliobaki tukapelekwa Eldoret kufundishwa uaskari. Baada ya hapo afisa mmoja alitazama cheti changu, akaona alama ya hisabati, akanielekeza kwa wahandisi. Sikufurahi. Nilidhani wahandisi ni mafundi waliovaa kofia za jeshi.

Masomo ya kwanza hayakuwa ya baruti. Yalikuwa ya maji. Tulifundishwa kwamba barabara lazima iwe na mgongo ili mvua ishuke pande zote mbili. Kwamba mtaro usiposafishwa, maji yatatafuta njia katikati ya barabara yenyewe. Kwamba kalvati likiwekwa juu kuliko kitako cha kijito, kijito kitalipuuza na kulizunguka. Yule sajini alikuwa na maneno yake ambayo waliopita mikononi mwake wangeyatambua popote: "Adui anaweza kukukosa. Maji hayakosi." Gari la majeruhi likizama, aliyelala ndani anakufa bila risasi nyingine kumgusa. Lori la maji ya kunywa likikwama, kombania nzima inaanza kukauka. Mhandisi wa vita, alituambia, ana kazi mbili tu, kuwafungulia njia walio wake na kuwafungia njia wasio wake. Baruti, mabomu ya kutegwa, seng'enge na mahandaki ni vifaa vya kazi hizo mbili, hakuna zaidi.

Nilipokwenda likizo ya kwanza nilimweleza babu habari za daraja la vyuma. Babu alikuwa mzee sana, na alikuwa mtu wa Keya, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki. Alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Sikuwahi kumsikia akiizungumzia vita ile kwa urefu. Siku hiyo aliniacha niseme mpaka nikamaliza, halafu akanyanyua mikono yake miwili akaonyesha jinsi paneli inavyoshikwa, bega gani linatangulia, na jinsi watu sita wanavyopaswa kukanyaga pamoja ili mmoja asivunjike mgongo. Alikuwa akiijua. Mwaka 1944, wakati wa masika ya kule, divisheni yao iliteremka bonde la Kabaw, bonde lenye malaria na matope yaliyomeza malori, na yeye na wenzake walikata miti, wakaipanga kukingama barabara ili magari yapite juu ya magogo. Desemba ya mwaka huo wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Daraja la Bailey lililowekwa hapo lilikuwa na urefu wa futi 1,154, na wakati ule halikuwapo refu kulishinda duniani. Babu hakujua futi. Alisema tu kwamba ukisimama mwanzo wake, mtu aliye mwisho wake huwezi kumtambua ni nani.

Wazungu waliopigana vita ile ile waligawiwa mashamba katika nyanda za juu za Kenya walipomaliza. Babu alirudi na koti la jeshi. Milima aliyoiacha ilikuwa na chai ya kampuni tangu miaka ya 1920, Brooke Bond kwanza, kisha kampuni ya African Highlands, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wakichungia ng'ombe. Nimesoma baadaye kwamba hata kabla ya chai, watu wa fani yangu walikwishapita huku. Kapteni James Macdonald, mhandisi wa jeshi la Uingereza, ndiye aliyeongoza upimaji wa njia ya reli kutoka Mombasa hadi ziwani mwaka 1891 na 1892. Reli ikafika ziwani Desemba 1901, ikiwa imeteremka Mau kupitia Londiani, Lumbwa na Fort Ternan. Baada ya reli zikaja bunduki, na msafara wa kijeshi wa Sotik wa mwaka 1905, halafu walowezi. Njia ikifunguliwa, haichagui atakayepita. Nilikuwa na umri mkubwa nilipoanza kulifikiri jambo hilo, na limenikaa.

Agosti 7, 1998, siku ya Ijumaa, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi, jengo la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka lote. Tuliitwa. Tulikuja na mashine za kusukuma udongo, na mashine ya kusukuma udongo haijui ghorofa lililolala juu ya watu wanaopumua. Ukiinua zege upande mmoja, linashuka upande wa pili. Kwa hiyo tulitumia mikono, karai, nyundo na misumeno, pamoja na raia waliotoka mitaani bila kuitwa na mtu. Waisraeli walifika na mbwa na vifaa vya kusikiliza. Kila baada ya muda mtu alipuliza filimbi, injini zote zikazimwa, mamia ya watu wakanyamaza, tukisikiliza kama kuna anayegonga chini. Mama mmoja, ambaye nchi nzima ilikuja kumjua kwa jina, alisikika siku kadhaa. Hakutolewa akiwa hai. Watu 213 walikufa Nairobi siku ile. Miaka imepita, majengo mengine yameanguka, na kila mara nikiona kwenye televisheni umati wa watu juu ya vifusi najiuliza kama wanayo filimbi, na kama kuna mtu mwenye mamlaka ya kuwanyamazisha.

Kisha ikaja Eritrea. Vita vya Eritrea na Ethiopia vya 1998 hadi 2000 viliacha ukanda wa usalama wa upana wa kilomita 25 upande wa Eritrea, na Umoja wa Mataifa ukapeleka walinda amani, Wakenya wakiwamo, askari wa miguu na sisi wa mabomu. Upande wa mashariki, kuelekea bandari ya Assab, kuna joto ambalo mtu wa Kericho hajaandaliwa nalo na mzazi yeyote. Kwetu mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Kule ulipita msimu bila tone. Tulianza kazi kabla ya jua, tukafunga kabla jua halijasimama, kwa sababu fulana ya kinga na kioo cha uso vilikuwa vizito, na mtu aliyeishiwa maji mwilini hafikiri sawasawa, na asiyefikiri sawasawa hapaswi kuwa ndani ya njia.

Njia ilikuwa na upana wa mita moja. Pembeni kamba, na vigingi vilivyopakwa rangi, nyekundu upande wa hatari, nyeupe upande uliokwisha kusafishwa. Unapiga goti. Unapitisha ditekta polepole kushoto na kulia. Ikilia, mara nyingi ni msumari, au ganda la risasi, au kopo la samaki, lakini huna ruhusa ya kudhani hivyo. Unalala kifudifudi, unadunga udongo kwa ncha ndefu ya chuma, ukiilaza kwa nyuzi 30, ili ikikutana na bomu iguse ubavu wake na si kichwa. Kidole kimoja baada ya kingine, unafukua kutoka pembeni.

Bomu moja silisahau, la Kirusi, aina ya PMD-6. Hilo ni kisanduku cha mbao. Ndani kuna gramu 200 za baruti na fyuzi, na karibu chuma chake chote kimo ndani ya fyuzi hiyo ndogo, kwa hiyo ditekta ililia kwa sauti ya chini iliyokuwa rahisi kuipuuza. Nilipofuta mchanga niliona ubao wa pembeni umeliwa na mchwa mpaka ukawa wavu, na kupitia tundu la mchwa baruti ilionekana, ya manjano iliyofifia. Mfuniko ulikuwa umelalia pini ya fyuzi. Mbao ilikuwa imebaki nyembamba kiasi kwamba uzito wa kiganja ungetosha. Nilikaa nikilitazama kwa muda kuliko ilivyohitajika. Mtu fulani alikipigilia misumari kisanduku kile kiwandani, misumari minne, imenyooka vizuri. Alikuwa fundi mwangalifu.

Halinyanyuliwi. Unaweka kipande cha baruti kando yake bila kuligusa, unaunganisha utambi, unarudi nyuma kwa nyayo zako mwenyewe, unapaza sauti ya onyo mara tatu, unalipua. Mzee mmoja wa Kiafar alikuwa akingoja upande wa pili wa kilima na mbuzi wake. Alikuwa akituuliza kila siku kwa ishara za mkono kama anaweza kupita, na kila siku tulimkatalia. Siku ile jioni kiongozi wetu aliidhinisha njia, na asubuhi iliyofuata mzee alipitisha mbuzi wake wote, akiwa mbele yao, akikanyaga kwa nguvu ili sisi tumwone anakanyaga.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu hayo mwaka 2001, na Agosti 2003 ikamaliza kuteketeza akiba yake, mabomu 35,774. Mwaka uliofuata mataifa yalikutana Nairobi kuutathmini mkataba huo. Nilijivunia, na bado najivunia. Lakini nilizikumbuka pia familia za Wamaasai na Wasamburu zilizoumizwa na makombora yasiyolipuka kwenye viwanja vya mazoezi vya jeshi la Uingereza kule Dol Dol na Archer's Post, ambazo mwaka 2002 zilikubaliana na Uingereza fidia ya pauni milioni 4.5. Watoto wale hawakuwa kwenye vita vya mtu yeyote. Walikuwa wakichunga.

Kazi yenyewe ilikuwa inabadilika mikononi mwetu. Bomu la Eritrea lilikuwa adui asiyesogea. Limetegwa na askari, kwa mpangilio wa askari, mara nyingine na ramani yake ipo mahali. Ukilipata moja unaweza kukisia lilipo la pili. Somalia hapakuwa na mpangilio. Jeshi lilipovuka mpaka Oktoba 2011, kitu cha kwanza kilichotusimamisha hakikuwa risasi, kilikuwa mvua. Njia ya kuelekea Afmadow ni udongo mweusi wa mfinyanzi, na ulipolowa, malori na magari ya deraya yalizama mpaka ekseli. Tulikata matawi na miti ya miiba, tukaipanga kukingama njia, gari likapita, matawi yakazama, tukakata mengine. Nilikuwa na kamba ya kuvutia gari mkononi, matope mpaka magotini, nikamfikiria babu katika bonde la Kabaw. Miaka karibu sabini ilikuwa imepita, na dawa ya matope ilikuwa bado ile ile.

Barabara zilipokauka vikaja vilipuzi vya kutengenezwa: dumu la mafuta ya kupikia, mbolea, betri, nyaya za simu. Fundi wake hakuondoka. Alikaa kwenye kichaka akitutazama. Akiona tunakagua kalvati kila asubuhi, kesho anatega mita 50 mbele ya kalvati, pale tunapoanza kushusha pumzi. Akiona tunashuka kwenye gari mahali fulani, anatega mahali pa kushukia. Na makalvati, vitu nilivyofundishwa kuvijenga ili vimwokoe mtu, yakawa ndiyo sehemu ninazoziogopa zaidi, kwa sababu ni shimo lililokwisha kuchimbwa. Hata Lamu, ndani ya nchi yetu, kwenye njia za kuelekea Kiunga, ilikuja kuwa hivyo hivyo. Vijana wa sasa wana magari ambayo tumbo lake limekunjwa mfano wa herufi V ili mlipuko upasuke pembeni, wana mashine za kuzuia mawimbi ya simu, wana roboti. Nafurahi wanavyo. Sisi tulikuwa na mchanga kwenye magunia sakafuni mwa lori.

Nilikuwa nimekwishastaafu Januari 15, 2016, gari lililosheheni vilipuzi lilipobomoa ulinzi wa kambi yetu ya El Adde kule Somalia na wapiganaji wakaingia. Nilisikiliza redio siku nzima nikiwa nyumbani, shambani sikwenda. Mhandisi akisikia kwamba gari limefika mpaka ndani ya kambi, anafikiria handaki, tuta la udongo, kona za kulilazimisha gari lipunguze mwendo, umbali kati ya lango na hema la kwanza. Nilichora kwenye karatasi ya daftari la mwanangu. Nilichora na kufuta. Serikali haikutoa hadharani hesabu kamili ya waliokufa. Ningependa itolewe, kwa majina, hata leo. Jeshi huhesabu kila pini ya daraja inaporudi stoo.

Nyumbani wananiita Afande. Nilistaafu nikadhani fani yangu itakuwa na kazi, kwa sababu nchi ya chai ni mabonde matupu: Kipsonoi, Itare, Kiptiget, Nyangores, na vijito visivyo na majina makubwa kati ya kila kilima na kilima. Nilipeleka barua huku na huku. Kazi nilizopewa zilikuwa za kusimama langoni. Wenzangu wa batalioni nao ni hivyo hivyo; mmoja ambaye aliweza kuliweka daraja usiku bila taa, sasa anafungua buti za magari kwenye jengo la maduka Nairobi akitazama kama kuna bomu. Wengine walipata mikataba Sudan Kusini na mashirika ya kuondoa mabomu, na hao angalau wanafanya walichofundishwa.

Mashamba makubwa nayo si yale aliyofanyia baba. Kampuni zimebadilisha majina na wenyewe; mwaka 2023 na 2024 mashamba ya Finlays na ya iliyokuwa Brooke Bond yaliangukia mikononi mwa Browns ya Sri Lanka. Mashine za kuchuma chai zinapita juu ya vichaka zikifanya kazi ya makumi ya watu. Mei 2023 vijana wa Kericho walichoma baadhi ya mashine hizo, na mtu akauawa katika vurugu. Nimewasikia watu wa mjini wakiwaita wahuni. Mimi nimewaona wazazi wao wakihama nyumba za kambi za vibarua na magodoro kichwani, na siwezi kutumia neno hilo. Nyumba nyingi zile sasa zina makufuli, na genge la barabara, la watu kama baba, halipo.

Lakini kinachoniuma zaidi kiko upande wetu, wa wakulima wadogo. Kichipukizi kikishachumwa hakina subira. Kinapaswa kufika kiwandani ndani ya saa chache, kingali kibichi. Aprili moja lori la kiwanda lilikwama kwenye kijito chini ya kituo chetu cha kununulia majani, mahali ambapo kalvati lilikuwa limewekwa juu kuliko kitako cha kijito, vile vile tulivyoonywa Thika tusiweke. Maji yalikuwa yamelizunguka na kula nusu ya barabara. Giza liliingia, mvua haikukoma. Akina mama walisimama chini ya paa la kituo na magunia yao. Karani alitia mkono ndani ya gunia moja, akautoa, akatikisa kichwa. Nami nilitia wangu. Katikati ya gunia kulikuwa na joto la mwili wa mtu mwenye homa, na majani yalikuwa yameanza kugeuka rangi ya shaba kingoni. Yalimwagwa. Kazi ya kutwa nzima ya watu wa kijiji kizima ilimwagwa mtaroni, ambako nayo ikaziba maji.

Usiku huo huo wanaume wanne walimbeba mjamzito kwa blanketi kuvuka hapo ili wakakutane na gari la kumpeleka hospitali ya Tenwek. Alijifungua salama. Mama Chebet, jirani yangu, aliniuliza pale kando ya maji, kwa upole, bila kunishutumu: "Afande, si wewe ndiye ulikuwa ukiwajengea watu madaraja?"

Nikamwambia ndiyo, mama, ni mimi.

Wenye dhamana ya barabara walikuja miezi kadhaa baadaye, wakamwaga changarawe, wakaisawazisha kwa greda, wakapiga picha. Hawakuchimba mtaro. Nilisimama nikawaambia maji yatapita wapi, nikawaonyesha kwa fimbo. Walinisikiliza kwa heshima, kwa kuwa mimi ni mzee, na wakaondoka. Changarawe ile ilikwenda na mvua za vuli, na ukitaka kuiona, iko kwenye kinamasi cha jirani. Siwakasirikii vijana wale. Hawajawahi kulala mahali ambapo barabara mbovu inamaanisha kwamba kesho hamna maji. Jeshi lilinilipa kwa miaka mingi ili nijue jambo hili, wananchi walitoa kodi ili nilijue, na siku niliyorudisha vifaa stoo hakuna aliyeuliza ujuzi wenyewe utakwenda wapi. Tuko wengi namna hii. Karibu kila lokesheni kuanzia Londiani hadi Chepalungu ina mzee mmoja anayejua kutazama mteremko akasema kesho utakatika wapi.

Kwa hiyo mwaka jana, kabla ya mvua za Machi, tulikutana kwenye kituo cha chai, wakulima na vijana waliokosa kazi shambani. Niliwafundisha kile nilichofundishwa wiki za kwanza: kupima mteremko kwa kamba na chupa ya maji, kuipa barabara mgongo, kuanza kuchimba mtaro kutoka chini kupanda juu ili maji ya mvua ya ghafla yasiwafungie kazini. Kijana mmoja, mtoto wa wale waliohama kambi ya vibarua, ana jicho ambalo sajini wangu angelipenda; anapiga goti, anatazama usawa wa ardhi, na anakataa kazi isiyonyooka hata kama ni yake mwenyewe. Tulimimina pete za zege za kalvati ndani ya kalibu ya mabati tuliyoazima, tukazibingirisha mpaka kijitoni, tukazishusha kwenye kitako chake hasa, na tukajenga mabawa ya mawe pande zote mbili.

Lori la chai linapita hapo sasa. Kuna kijito cha pili, mbele kidogo, kwenye kona ya kuelekea Mogogosiek, na hicho ni kipana zaidi. Kinataka pete kubwa na vyuma ndani yake. Tumekwishapima. Saruji imepanda bei, na wakulima wamesema watachanga bonasi ikitoka Oktoba.